Kutu ya Ubongo

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeingia katika miaka ya sabini, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliitumia shuleni: kwanza mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa historia, hatimaye mwalimu mkuu. Nilipotoka chuo cha ualimu niliamini kwamba akili ya mtu ni mali pekee isiyoibika. Nyumba huungua, ng'ombe hufa, fedha huisha, lakini alichokisoma mtu hubaki naye mpaka kaburini. Maneno hayo niliwaambia wanafunzi wangu kila mwaka siku ya kufunga shule. Leo naomba radhi kwa wote niliowaambia, maana si kweli.

Mke wangu alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31. Wako watu wazima wengi katika tarafa yetu walioshikwa mkono naye wakati wakijifunza kuandika herufi ya kwanza. Miaka michache baada ya sisi wote wawili kustaafu, alianza kutia chumvi mara mbili katika mboga. Nikacheka. Akaanza kuniuliza jambo moja mara tatu katika saa moja. Nikakasirika. Siku moja alikwenda mashine ya kusaga, mahali alipopajua kwa zaidi ya miaka 20, na jua lilipozama alikuwa bado hajarudi. Tulimkuta amekaa kando ya njia na debe lake la unga, ametulia kabisa, akingoja mtu wa kumwambia kwao ni wapi. Usiku ule nilimfokea kama nilivyokuwa nikiwafokea watoro. Nasema haya mapema, ndugu msomaji, ili ujue anayekusimulia si mtu mwema kupita kiasi.

Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa historia, nilipoambiwa jina la ugonjwa huo nilitaka kujua ulikotoka. Wengine wakipatwa na msiba husali. Mimi nilisali na kusoma.

Habari zenyewe zinaanzia Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke mmoja, Auguste Deter, aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Alikuwa na umri wa miaka 51, na mumewe alikuwa karani wa reli. Daktari aliyemwona aliitwa Alois Alzheimer, na mwaka huohuo alikuwa amefiwa na mkewe. Daktari yule aliketi na mgonjwa, akauliza swali, akaandika jibu, akauliza jingine, akaandika tena, kama mwalimu anayempima mtoto mgeni. Alipomuuliza jina lake, mama yule alijibu kuwa ni Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Jina la mume? Akajibu tena kuwa anadhani ni Auguste. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, akasema spinachi. Alipotakiwa kuandika jina lake, aliandika neno la kwanza tu, lile la heshima la kumwita mwanamke aliyeolewa, kisha yaliyobaki yakampotea. Katika mazungumzo yale alimwambia daktari kwamba amejipoteza mwenyewe.

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya namna hiyo jikoni kwangu.

Auguste Deter alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amehamia Munich, akifanya kazi chini ya profesa mashuhuri Emil Kraepelin. Ubongo wa marehemu ulipelekwa huko. Alzheimer alikata vipande vyembamba mno, akavitia rangi kwa njia mpya ya madini ya fedha, akavitazama kwa hadubini. Aliona mambo mawili. Kwanza, kulikuwa na madoa ya uchafu mgumu kati ya seli. Pili, ndani ya seli zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizosokotana kama kamba iliyochakaa, na mahali pengine seli ilikuwa imekwisha kabisa, zimebaki nyuzi tu. Tarehe 3 Novemba 1906 alieleza alichokiona mbele ya mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Mwalimu yeyote anajua uchungu wa kumaliza somo zuri kisha darasa zima likakaa kimya.

Mwaka 1910 Kraepelin aliuandika ugonjwa huo katika kitabu chake cha kiada na kuupa jina la Alzheimer. Mtu mwingine, Oskar Fischer wa Prague, alikuwa ameyaona madoa hayo na kuyaandika mwaka 1907 kwa wagonjwa wengi zaidi, lakini jina lake likasahauliwa. Alifia mwaka 1942 katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Hata ugonjwa wa kusahau una watu wake waliosahauliwa. Jalada la Auguste nalo lilipotea kwa miaka mingi, mpaka lilipopatikana Frankfurt mwaka 1995, kurasa zake zikiwa na mwandiko wa daktari mwenyewe.

Basi, Alzheimer aliona majivu, hakuuona moto. Swali likabaki: ni nini kinachoziua seli hizo? Majibu yaliyotolewa ni mengi, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Mimi nitafuata jibu moja tu, kwa sababu ndilo nililolishika, na ndilo lililonitia katika kosa.

Jibu lenyewe ni la zamani kuliko swali. Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley, mhubiri aliyepata kuwa mwalimu, alipata hewa ya ajabu kwa kuchoma unga mwekundu wa zebaki kwa kioo cha kukusanya jua. Mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu nyingi. Panya aliishi humo muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida. Priestley akaivuta yeye mwenyewe, akaona kifua chepesi. Lakini mtu yule alikuwa na busara. Aliandika kwamba pengine hewa hiyo haifai kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa kama vile mshumaa unavyokwisha upesi ndani yake, huenda nasi tukaishi upesi mno. Kule Ufaransa, Antoine Lavoisier ndiye aliyeipa hewa hiyo jina la oksijeni. Katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, yeye na Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua polepole. Lavoisier aliuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1794, wakati wa mapinduzi. Hoja yake haikufa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya nyumbani. Jembe likiachwa nje wakati wa masika hushika kutu. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi huchacha. Tunda lililomenywa hugeuka rangi. Yote hayo ni kazi ya oksijeni. Hewa ileile inayowasha mkaa ndiyo inayokula jembe, na ndiyo tunayoivuta kila dakika tukiwa macho na tukiwa tumelala. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1954 Mmarekani Denham Harman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu huko Berkeley. Alikuwa mkemia kwanza, kisha akasomea udaktari. Miaka tisa kabla ya hapo mkewe alikuwa amemwonyesha makala ya gazeti kuhusu uzee, na swali la kwa nini viumbe huzeeka halikumtoka kichwani. Mwaka 1956 alichapisha jibu lake. Alisema kwamba mwili unapotumia oksijeni hutoa cheche, yaani chembe zilizopungukiwa elektroni moja. Wataalamu huziita radikali huru. Chembe ya namna hiyo haitulii mpaka inyang'anye elektroni kutoka kwa jirani, na jirani aliyenyang'anywa naye huwa mnyang'anyi. Kwa njia hiyo mafuta, protini na hata mbegu za urithi ndani ya seli huharibika kidogo kidogo. Huo, alisema Harman, ndio uzee. Wengi hawakumsikiliza. Lakini mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, wa Chuo Kikuu cha Duke, waligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima mojawapo ya cheche hizo. Mwili hauweki zimamoto mahali pasipo na moto. Tangu hapo dhana ya Harman ikaanza kupewa kiti.

Sasa tazama ubongo. Uzito wake ni karibu asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta tukiwa tumetulia. Ni jiko dogo linalokula mkaa wa jumuiya nzima. Kuta za seli zake zimejaa mafuta ya aina inayochacha kwa urahisi. Ndani yake kuna madini ya chuma na shaba, na chuma kikikutana na cheche fulani huzaa nyingine iliyo kali zaidi. Walinzi wake wa kuzima cheche si wengi kama walio katika ini. Na jambo kubwa kuliko yote, seli za ubongo kwa sehemu kubwa hazizaliwi upya. Ngozi ikiungua hutoka nyingine. Seli inayohifadhi jina la mtoto wako ikifa, haipandwi tena.

Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walianza kuitafuta kutu hiyo ndani ya bongo za waliofariki kwa ugonjwa wa Alzheimer, na waliiona. Waliona mafuta yaliyochacha, protini zilizoharibika, alama za kuungua katika mbegu za urithi. Mark Smith na George Perry, katika mji wa Cleveland, na William Markesbery wa Kentucky, walikuwa miongoni mwa waliolisimamia jambo hili. Mwaka 2001 kundi la akina Smith na Perry lilitoa taarifa kwamba uharibifu huo ulikuwa mwingi zaidi mwanzoni mwa ugonjwa, kabla madoa hayajajaa. Yaani, kwa maoni yao, kutu ilitangulia. Wengine walipinga. Walisema chanzo ni protini iitwayo amiloidi, ambayo Glenner na Wong waliichambua mwaka 1984, na kwamba kutu ni moshi wa moto huo. Kuna wanaosema kila kimoja humchochea mwenziwe: amiloidi huzaa cheche, na cheche huongeza amiloidi. Kuku na yai.

Mimi sikungoja kesi iamuliwe. Kama maradhi ni kutu, nilijiambia, basi dawa ni kizuia kutu, na kizuia kutu cha mafuta ni vitamini E. Nilisoma habari za jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 1997. Wagonjwa 341 walifuatwa kwa miaka miwili, na waliopewa vitamini E kwa wingi, yuniti 2,000 kwa siku, walichelewa kidogo kufikia hatua mbaya, kama vile kushindwa kujihudumia. Niliposoma hivyo niliruka. Sikusoma vizuri sentensi iliyofuata, isemayo kwamba katika mitihani ya kumbukumbu hawakuwashinda wenzao. Miaka yote niliwaambia watoto wasome swali lote kabla ya kujibu!

Nilikwenda mjini nikanunua chupa za vidonge kwa fedha za kiinua mgongo. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni vitamini tu, na vitamini haimdhuru mtu. Asubuhi nilimpa mke wangu kidonge, mchana kingine, usiku viwili. Nikafungua daftari lenye mistari kama rejista ya shule. Kila asubuhi nilimuuliza: Leo ni siku gani? Mwezi gani? Rais wetu ni nani? Watoto wetu ni wangapi? Nikampa alama juu ya kumi. Akipata sita nilifurahi siku nzima. Akipata tatu niliongeza kidonge. Alianza kuniogopa asubuhi. Niliona, nikaendelea.

Baada ya miezi kadhaa akawa na mabaka meusi mikononi, kama aliyepigwa. Bintiye, muuguzi, alipokuja likizo aliyaona. Akaziomba zile chupa, akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Baba, dawa hii kwa wingi huu huifanya damu isigande upesi. Mama angeanguka tungempoteza." Nikamweleza habari za kutu, za Harman, za jaribio la 1997. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, nisamehe kwa kusema hivi. Unamtibu Mama, au unautibu woga wako?"

Sikumjibu. Nilitoka nje nikajifanya natazama migomba.

Yeye ndiye aliyenieleza sehemu ya historia nisiyokuwa nimeifikia. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine, watu 769 waliokuwa na dalili za mwanzo tu za kusahau. Walifuatwa miaka mitatu. Vitamini E haikuwazuia kuingia katika ugonjwa. Mwaka huohuo watafiti waliojumlisha majaribio mengi walionya kwamba dozi kubwa huenda ikaongeza vifo. Mwaka 2011 ilionekana kwamba wanaume wenye afya waliopewa vitamini hiyo walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiopewa. Mwaka 2014 jaribio la askari wastaafu 613 wa Marekani lilionyesha tena faida ndogo: wagonjwa walichelewa kidogo kupoteza uwezo wa kuvaa, kula na kuoga, lakini kumbukumbu haikurudi. Na hao walikuwa chini ya macho ya madaktari, si ya mwalimu mstaafu mwenye daftari.

Kwa nini dawa ya kutu isiondoe kutu? Wataalamu hueleza hivi. Kwanza, ugonjwa huanza miaka mingi kabla ya dalili. Mgonjwa anapoanza kupotea njia, seli nyingi zimekwisha kufa, na hakuna mafuta yanayoifufua chuma iliyolika. Pili, vidonge vingi havifiki ndani ya ubongo vya kutosha. Tatu, cheche si adui mtupu. Mwili huzitumia kuua vijidudu na kupelekeana habari kati ya seli. Anayemwaga maji jikoni ili kuzuia moto usiunguze nyumba atalala na njaa.

Nilisoma pia habari za masista wa Kikatoliki 678 huko Marekani, wengi wao walimu, waliokubali kupimwa akili kila mwaka na kutoa bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Utafiti huo ulianzishwa mwaka 1986 na David Snowdon. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101, akili yake timamu kabisa. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikuwa umejaa madoa na nyuzi zilezile za Auguste Deter. Hakuna anayeweza kulieleza hilo kikamilifu. Mimi lilinifundisha kwamba mtu si hesabu ya madoa yake, na wala si alama zangu juu ya kumi.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab, inayoondoa amiloidi. Katika jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Haikuusimamisha, na baadhi ya wagonjwa walivimba au kuvuja damu ndani ya ubongo. Mwaka ule ilikuwa ikitiwa kwenye mshipa, na huhitaji vipimo vya mashine kubwa. Wazee wa vijijini kwetu hawatauona mwaka wa kuipata hivi karibuni. Linalotufikia ni lile lisilouzwa dukani: kutibu shinikizo la damu na kisukari mapema, kuacha tumbaku, kutembea, kusoma, kutomwacha mzee peke yake. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba karibu nusu ya maradhi ya kupoteza akili duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo ya namna hiyo, na elimu ya utotoni ni mojawapo. Kwa hiyo kazi ya mke wangu pale darasa la kwanza ilikuwa kinga kwa watoto wa watu, ingawa yeye mwenyewe haikumtosha.

Tena asiseme mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutolewa mwaka 2013, uliona kwamba kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 6 katika kila 100 walikuwa nayo maradhi ya kupoteza akili ya namna hii au yanayofanana nayo. Huku kwetu majirani walinong'ona kwamba mke wangu amerogwa. Wengine, mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi na uchawi wake umemrudia. Tunajua wote wanawake wazee wenye macho mekundu wanavyotendewa katika nchi hii. Kwa hiyo niliacha kuficha. Nilisimama baada ya ibada nikaeleza ugonjwa huu kama somo la darasani, kwa ubao na chaki: hapa ni ubongo, hapa ni seli, hivi ndivyo zinavyokufa. Mficha maradhi kilio humfichua. Siku ile mzee mmoja alinifuata nyuma ya kanisa akasema, "Mwalimu, kumbe ndicho alichokuwa nacho marehemu mama." Alikuwa akilia.

Asubuhi moja, kabla sijaiacha ile rejista, nilikuwa nimekaa mbele ya mke wangu na kalamu mkononi. Nilipouliza leo ni siku gani, alisimama wima, akakunja mikono mbele yake, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Darasa liko tayari." Baada ya miaka zaidi ya 40 ya ndoa, nilikuwa nimegeuka mkaguzi.

Nilifunga daftari. Sikulifungua tena kwa kazi ile. Sasa asubuhi tunakaa barazani, nampa chaki na kibao kidogo cha mtoto. Jina langu limemtoka, na siku nyingine hata lake. Lakini mkono unaandika a, e, i, o, u, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Akimaliza hunigeuzia kibao, hungoja, nami husoma kwa sauti. Nikikosea makusudi, hunisahihisha.